Bi Shilling, mhandisi aliyewaokoa marubani kwa kisahani chenye tundu

MAPEMA mwaka wa 1941, Uingereza ikiwa vitani dhidi ya Ujerumani, mwanamke mmoja alikuwa akitoka kiwanja kimoja cha ndege za kivita hadi kingine, mara nyingi akiwa juu ya pikipiki yake. Hakuwa mwanajeshi wala hakubeba silaha. Alichopeleka ni visahani vidogo vya chuma, kila kimoja kikiwa na tundu katikati, mfano wa washa ambayo fundi huiweka chini ya nati.

Visahani hivyo vilitiwa katika ndege za Spitfire na Hurricane, moja baada ya nyingine, hadi kikosi kizima cha ndege za kivita za Uingereza kikawa navyo. Kabla ya hapo, rubani aliyeielekeza ndege yake chini kwa ghafla alikuwa katika hatari ya kuzimikiwa na injini, adui akiwa mbele au nyuma yake.

Mwanamke huyo alikuwa Beatrice Shilling, mhandisi ambaye wenzake walimwita Tilly. Maisha yake ni kielelezo cha jambo ambalo kila fundi wa ndege hulijua lakini abiria hulisahau: kasoro ya ndege haiishi siku mtaalamu anapopata dawa yake. Huisha siku kipuri kinachofaa kinapofika katika ndege ya mwisho.

BINTI WA MWENYE BUCHA

Bi Shilling alizaliwa Machi 8, 1909, katika mji mdogo wa Waterlooville, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwenye bucha. Hakuna aliyetarajia kwamba binti wa nyumba hiyo angeacha mambo ya nyumbani na kushika spana, lakini tangu utotoni alipenda vifaa vya ufundi kuliko wanasesere.

Alipofika umri wa miaka 14, alinunua pikipiki yake ya kwanza. Hakutosheka na kuiendesha. Aliifungua injini, akaitazama kipande kwa kipande, kisha akaiunga tena. Alikuwa amekwisha kuamua kuwa atakuwa mhandisi.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Katika miaka ya 1920 wanawake wahandisi nchini Uingereza walikuwa wachache mno, na viwanda vingi havikuwa tayari kumpokea msichana kama mwanagenzi. Bahati yake ilikuwa kukutana na Margaret Partridge, mhandisi wa umeme aliyekuwa akiendesha shughuli zake mwenyewe katika jimbo la Devon. Bi Partridge alimwajiri, akamfundisha kutandaza nyaya na kufunga mitambo ya umeme katika maeneo ya mashambani ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakitumia taa za mafuta.

Ni Bi Partridge huyo huyo aliyemhimiza kuendelea na masomo. Mnamo 1929 Bi Shilling alijiunga na Chuo Kikuu cha Manchester, akiwa mmoja wa wanawake wawili pekee walioanza masomo ya uhandisi mwaka huo. Alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka wa 1932, kisha akabaki mwaka mmoja zaidi kusomea shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo. Baadaye alifanya kazi ya msaidizi wa utafiti wa injini katika Chuo Kikuu cha Birmingham.

MALKIA WA KASI

Wakati huo wote hakuiacha pikipiki. Katika uwanja wa mbio wa Brooklands, karibu na London, kulikuwa na nishani ya dhahabu iliyotolewa kwa yeyote aliyeweza kuuzunguka uwanja huo kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Wanaume wengi walijaribu wakashindwa. Mnamo 1934, Bi Shilling, akiendesha pikipiki ya Norton ya sentimita mchemraba 500, aliuzunguka kwa maili 106 kwa saa, sawa na takriban kilomita 170. Wanawake watatu pekee ndio waliowahi kuipata nishani hiyo, naye alikuwa wa pili.

Pikipiki hiyo haikuwa na kasi hiyo ilipotoka kiwandani. Ni yeye mwenyewe aliyeichokora na kuirekebisha. Hapo ndipo alipojifunza kwamba milimita moja ya tundu la kupitishia petroli yaweza kuamua nani atashinda na nani atabaki nyuma. Somo hilo lingemfaa baadaye, mahali ambapo zawadi haikuwa nishani bali uhai wa watu.

Mnamo 1938 aliolewa na George Naylor, ambaye pia alifanya kazi Farnborough. Husimuliwa kuwa alimwekea mchumba wake sharti: hakuna ndoa hadi naye aipate nishani ya Brooklands. Liwe kweli au liwe la kunogesha baraza, Bw Naylor aliipata. Vita vilipopamba moto, alijifunza urubani na kuendesha ndege za kudondosha mabomu. Kwa hiyo Bi Shilling hakuwa mgeni wa hofu ya wake wanaosubiri ndege zirudi.

KASORO ILIYOFICHIKA

Bi Shilling aliajiriwa mwaka wa 1936 katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege iliyokuwa Farnborough, kusini magharibi mwa London. Mwanzoni alipewa kazi ya mezani, kuandika vitabu vya maelezo ya mitambo. Haikumridhisha. Punde alihamia idara ya injini, na kabla ya muda mrefu akawa mtaalamu wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia ndani ya injini.

Ndege mbili zilizotegemewa na Uingereza mwanzoni mwa vita, Spitfire na Hurricane, zilikuwa ndege ndogo zenye kiti kimoja na injini moja. Injini yenyewe ilikuwa Merlin ya kampuni ya Rolls-Royce, yenye silinda 12. Wabunifu wake walichagua kabureta kwa makusudi, kwa kuwa petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa inayoingia, na hewa iliyopoa huongeza nguvu. Wajerumani walichagua njia nyingine. Ndege yao ya Messerschmitt 109 ilikuwa na pampu iliyonyunyiza petroli moja kwa moja katika silinda.

Tofauti hiyo ilijitokeza angani. Abiria wa matatu inayopita juu ya tuta kwa kasi huhisi tumbo likimpanda kifuani na makalio yakiachana na kiti. Rubani anayeisukuma ndege yake chini kwa ghafla huhisi vivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi. Petroli iliyomo ndani ya kabureta nayo hurushwa juu kama abiria huyo.

Ndani ya kabureta mlikuwa na chumba kidogo chenye boya, mfano wa boya la tangi la maji lililo juu ya paa. Boya likipanda, vali hufungwa. Likishuka, vali hufunguka na petroli zaidi huingia. Ndege ilipoinamishwa ghafla, petroli ilirukia darini mwa chumba hicho na kuviacha vitundu vya chini vikifyonza hewa tupu. Injini ilikohoa mara moja.

Kikohozi hicho cha kwanza kilikuwa kifupi. Balaa lilikuwa lile lililofuata. Kwa kuwa mpangilio wote ulikuwa umepinduka, boya liliifungua vali wazi kana kwamba chumba ni kitupu, na pampu ikazidi kusukuma petroli ndani. Chumba kilifurika, injini ikakabwa na petroli nyingi kuliko hewa, nguvu zikapotea kwa sekunde kadhaa.

Sekunde kadhaa ni muda mrefu mno katika vita vya angani. Marubani wa Ujerumani waligundua kwamba wakifuatwa na Mwingereza, waliweza kuinamisha pua ya ndege na kutoweka, kwani wao injini yao haikukatika. Mwingereza aliyetaka kumfuata alilazimika kwanza kuipindua ndege tumbo juu, ndipo aivute kuelekea chini ili petroli ibaki mahali pake. Alipomaliza kupinduka, adui alikuwa ameshakwenda. Na kama yeye ndiye aliyekuwa akikimbizwa, kosa la kuinamisha pua ya ndege liliweza kumfikisha kaburini.

Mnamo Mei 1940 Waingereza walipata ndege ya Messerschmitt iliyokuwa imetekwa, wakaileta Farnborough kuipima sambamba na zao. Majaribio hayo yalithibitisha malalamiko ya marubani.

DAWA YA TUNDU MOJA

Wahandisi walijua tiba kamili ilikuwa ipi: kabureta ya aina mpya kabisa, isiyotegemea boya. Lakini kabureta kama hiyo huchukua muda kubuniwa, kujaribiwa, kutengenezwa kwa maelfu na kufungwa. Marubani hawakuwa na muda huo.

Bi Shilling na kundi lake dogo walilitazama tatizo kwa upande mwingine. Walijiuliza ni petroli kiasi gani injini huhitaji inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, kisha wakatengeneza kizuizi chenye tundu la kupitisha kiasi hicho na si zaidi. Kiliwekwa katika mrija wa petroli, kabla tu ya kabureta. Hata vali ikifunguka yote, mafuriko hayakuweza kutokea kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa mwembamba.

Uzuri wa kifaa hicho ulikuwa katika hesabu zake. Tundu likiwa dogo kupita kiasi, injini ingekosa mafuta wakati wa kupaa au kupanda kwa kasi, na dawa ingegeuka sumu. Likiwa kubwa kupita kiasi, mafuriko yangerudi. Kwa hiyo kilitengenezwa kwa vipimo viwili, kila kimoja kikilingana na nguvu ya injini ambamo kingewekwa.

Hakikuondoa kile kikohozi cha kwanza, wala hakikumwezesha rubani kuruka tumbo juu kwa muda mrefu. Bi Shilling alilijua hilo. Lakini kiliondoa sehemu ya kasoro iliyokuwa ikiua, tena kwa gharama ndogo na bila kuiondoa ndege kazini.

SAFARI ZA KUSAMBAZA

Hapa ndipo maisha ya Bi Shilling yanapopita ya wavumbuzi wengi. Uvumbuzi ulipokubaliwa, hakurudi mezani kungoja sifa. Yeye na wenzake walianza kuzunguka nchi nzima, wakianza na viwanja vilivyokuwa mstari wa mbele, wakiwaonyesha mafundi namna ya kukitia kizuizi hicho na kuhakikisha kimewekwa cha kipimo sahihi. Kufikia Machi 1941 kazi hiyo ilikuwa imekamilika katika kikosi chote cha ndege za kivita.

Mafundi walimzoea mhandisi huyo aliyefika kwa pikipiki yake ya mbio. Jina rasmi la kizuizi lilichukuliwa kutoka kwa taasisi ya Farnborough, lakini kambini kilipewa jina la Bi Shilling, pamoja na mzaha juu ya tundu lake usiofaa kurudiwa mbele ya wakwe. Jina hilo la utani ndilo lililodumu.

Yafaa kusema pia kile ambacho kizuizi hicho hakikufanya. Wapo wanaosimulia kwamba ndicho kilichoipa Uingereza ushindi katika mapambano makubwa ya angani ya mwaka wa 1940. Mapambano hayo yalipiganwa kati ya Julai na Oktoba mwaka huo, kabla ya kizuizi kusambazwa. Marubani walioshinda wakati huo walishinda wakiwa na kasoro ile ile ndani ya injini zao, na baadhi ya waliokufa walikufa nayo. Ukweli huo haupunguzi sifa za Bi Shilling. Unaonyesha tu kwa nini kila wiki ya kusambaza ilikuwa na uzito.

Kizuizi kiliendelea kutumika hadi kabureta za aina mpya, zilizosukuma petroli kwa shinikizo bila kutegemea boya, zilipoanza kuingia kazini mwaka wa 1943. Kilikuwa kimewavusha marubani kwa takriban miaka miwili.

BAADA YA VITA

Vita vilipokwisha, Bi Shilling alitunukiwa nishani ya heshima ya OBE. Hata hivyo, nishani haikumfungulia milango yote. Alibaki Farnborough hadi alipostaafu mwaka wa 1969, lakini hakupandishwa hadi ngazi za juu kabisa za taasisi hiyo, ambazo zilishikwa na wanaume. Hakupenda urasimu wala hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Alipendelea karakana kuliko ofisi, na mikono yake mara nyingi ilikuwa na grisi.

Zama zake hazikuwa rahisi kwa mwanamke wa aina yake. Hadi mwaka wa 1946, kanuni za utumishi wa serikali ya Uingereza ziliwataka wanawake wengi kuacha kazi mara walipoolewa. Bi Shilling aliolewa mwaka wa 1938 na akaendelea na kazi. Kama angerudishwa jikoni mwaka huo, haijulikani ni nani angeketi mbele ya tatizo la Merlin miaka miwili baadaye.

Katika miaka ya baadaye alishiriki utafiti wa makombora, na pia alichunguza jinsi njia ya ndege iliyolowa maji inavyodhoofisha breki. Suala hilo la pili halina mbwembwe, lakini linamhusu kila abiria anayetua mvua ikinyesha.

Mapenzi yake ya mbio hayakufifia. Yeye na mumewe waliachana na pikipiki na kuhamia magari, wakayarekebisha wenyewe nyumbani na kuyaendesha mashindanoni. Mwaka wa 1967 dereva wa Marekani, Dan Gurney, aliyekuwa akishiriki mbio za Formula One, alipata usaidizi wake wakati gari lake lilipokuwa likichemka kupita kiasi. Chuo Kikuu cha Surrey kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka wa 1969.

Bi Shilling alifariki Novemba 18, 1990, akiwa na umri wa miaka 81.

URITHI WAKE

Ndege za Spitfire zimebaki za maonyesho, lakini njia ya kazi aliyoifuata Bi Shilling ndiyo inayolinda ndege ndogo hadi leo. Kasoro inapogunduliwa katika ndege ya aina fulani, mamlaka za usafiri wa ndege hutoa agizo la lazima linalowataka wenye ndege zote za aina hiyo kukagua, kurekebisha au kubadilisha kipuri husika. Agizo hutaja muda: pengine ndani ya saa kadhaa za kuruka, pengine kabla ya ndege kupaa tena. Fundi mwenye leseni akimaliza, hutia sahihi katika kitabu cha kumbukumbu za ndege. Ndege isiyotimiza agizo huhesabiwa kuwa haifai kuruka, hata kama inang'aa kama iliyotoka kiwandani.

Mara nyingi kipuri chenyewe ni kidogo. Mnamo 1987 mamlaka ya Marekani ilitoa agizo kuhusu reli za viti vya ndege za Cessna. Vitundu vya reli vilikuwa vikilika na pini zikichakaa, na kiti cha rubani kiliweza kuteleza nyuma ndege ikipaa. Rubani aliyeteleza akashikilia usukani aliivuta pua ya ndege juu bila kukusudia, na ndege ikakosa nguvu ya kubaki hewani. Agizo liliamuru reli na pini zikaguliwe mara kwa mara na zilizochakaa kupita kipimo zibadilishwe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa Wakenya jambo hili haliko mbali. Katika Kiwanja cha Ndege cha Wilson jijini Nairobi, kilichopewa jina la mwanamke mwingine, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929, ndege ndogo hupaa kila siku zikiwa na watalii, madaktari na mizigo. Usalama wa walio ndani hutegemea rubani, lakini pia humtegemea fundi ambaye abiria hamwoni, na kipuri ambacho abiria hajui kipo.

Gharama ya kipuri kama hicho humuuma mwenye ndege, na siku ambayo ndege imelala karakani ni siku isiyo na mapato. Ndiyo maana maagizo hayo ni ya lazima. Yakiachwa kuwa hiari, wapo watakaosema ndege imeruka miaka kumi bila tatizo na itaruka mwaka mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na angani hakuna nafasi ya kuujenga.

Jina la ukoo la Bi Shilling liliandikwa sawa na jina la sarafu ya nchi yake. Kizuizi alichokibuni nacho hakikuwa kikubwa kuliko sarafu, wala hakikuhitaji utajiri kukitengeneza. Thamani yake ilitokana na hesabu sahihi ya tundu moja, na mwanamke aliyepanda pikipiki katika baridi ya mwanzo wa 1941 kuhakikisha kwamba hakuna ndege iliyosahauliwa.